Wimbo wa Sikukuu wa Kona Kali

Daktari wa koo alizima kitochi chake, akavuta kiti karibu, na badala ya kumtazama mgonjwa akamtazama dada wa mgonjwa. Hapo hapo Nukta akajua mambo si mazuri.

"Kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti," daktari alisema. "Si kansa, hilo tushukuru. Lakini lazima utolewe, maana tukiuacha utaendelea kukua. Nimempangia mara tu mwaka mpya ukianza."

"Na sauti yake?"

"Atazungumza, usiwe na wasiwasi."

"Daktari, sikuulizia kuzungumza. Huyu ni mwimbaji."

Daktari alikunja mikono kifuani. Akaeleza polepole kwamba kuna ambao sauti huwarudia vile vile ilivyokuwa, na kuna ambao hurudiwa na sauti nyingine kabisa, na yeye hawezi kumwapia mtu. Mpaka siku ya upasuaji mgonjwa aongee kidogo, asipige kelele, asiimbe ovyo. Kama ana kitu cha lazima cha kuimba, akiimbe mara moja, kisha anyamaze.

Mgonjwa, mdogo wake Nukta wa mwisho, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akining'iniza miguu kama mtoto aliyeletwa kuchomwa sindano. Tangu shuleni watu walimwita Honi kwa sababu ya sauti hiyo hiyo. Alikuwa akimwita mtu kutoka mwanzo wa mtaa, wenye baiskeli wanasogea pembeni. Sasa alimeza mate kwa shida, akacheka kidogo.

"Umesikia, dada?" alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mara moja. Maana yake albamu ni sasa hivi."

Albamu aliyoitaja ilikuwa imewala miaka. Bendi yao iliitwa Kona Kali, na jina lilikuwa la haki, maana ilipiga ile roki ndefu inayogeuka ghafla: wimbo unaanza kwa mwendo wa kubembeleza, kabla hujakaa sawa mapigo yamebadilika, gitaa limekwenda huku, kinanda kule, na aliyekuwa anajaribu kucheza amebaki na mguu mmoja hewani. Hawakuwa na kampuni wala mfadhili. Mama yao Nukta na Honi, aliyewazaa na kuwalea akiwa mshona nguo, aliwahi kuhudhuria onyesho lao moja, akarudi nyumbani ameshika tama. "Wanangu," alisema, "nilikuwa napiga makofi kila mara nikidhani mmemaliza. Mmenitia aibu mbele za watu."

Lakini waliokuwa wakiipenda bendi hiyo waliipenda kufa. Na kazi yao kubwa, *Ghorofa ya Mwisho*, ilikuwa tayari vichwani mwao kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilisimulia juu ya jengo ambalo maji yalipanda ghorofa moja kila mwaka, na wapangaji wakawa wanahamia juu, wakigombana, wakioana, wakizaana, mpaka ikabaki paa. Katika sehemu ya mwisho Honi alitakiwa kupandisha sauti moja ya juu sana na kuing'ang'ania huku ngoma chini yake zikibadilika na kubadilika tena. Hapakuwa na mwingine wa kuiimba. Nyimbo zote zilitungwa kwa kipimo cha koo lake, kama suti ya harusi.

Jumapili hiyo walikutana kwenye karakana ya mpiga ngoma. Nyundo alikuwa fundi wa kunyoosha mabodi ya magari, jitu la mikono mizito na moyo mwepesi. Siku za mapumziko alisukuma milango na boneti ukutani, akapanga ngoma zake katikati. Mpiga besi alikuwa msaidizi kwenye kliniki ya meno, mtu mwembamba na mtaratibu. Honi alikuwa amemwoa dada yake, basi wale wawili wakaitana shemeji mpaka watu wote wakamwita Shemeji, hata wagonjwa wa meno.

Nukta aliwaeleza aliyosema daktari. Nyundo alishika fimbo zake za ngoma akawa anazitazama kama vitu vya mtu mwingine.

"Nimeongea na mwenye studio," Nukta aliendelea. "Kawaida anafunga kati ya sikukuu na mwaka mpya. Amekubali kutufungulia siku hizo. Lakini anataka chake chote kabla. Nimembembeleza weee, hataki kusikia."

"Na sisi tuna nini?" Nyundo aliuliza.

"Tuna wewe na ngoma zako."

Shemeji alikohoa. Alikuwa mtu wa kukohoa kabla ya kusema jambo analojua halitapendwa. "Mimi nilikuwa nafikiri," alisema. "Pale kliniki, mwezi huu wote redio inapiga nyimbo za sikukuu. Zile zile. Mwaka jana zile zile. Wagonjwa wamezichoka, daktari amezichoka. Mtu akitoa mpya, nzuri, fupi, si watu watainunua? Tuuze wimbo wa sikukuu, tulipie studio."

"Thubutu!" Nyundo aliruka. "Mimi? Nipige pu-pa-pu-pa kama mtu anayepigilia misumari? Si afadhali niuze karakana?"

"Karakana si yako."

"Ndiyo maana nasema."

Walicheka wote. Honi alivuta gitaa lake mapajani, akapiga kamba taratibu, akanong'ona, "Nitaandika."

Aliandika, na alichokileta siku chache baadaye kilikuwa wimbo wa sikukuu wenye mapigo saba, utangulizi wa kinanda unaokaribia kuzaa wimbo mwingine, na hadithi ya mtu anayesafiri kurudi nyumbani ambaye mpaka katikati ya wimbo alikuwa hajapanda gari.

"Honi," Nukta alimwambia, "huyu mtu atafika sikukuu imekwisha."

"Lakini safari ndiyo maana yake!"

"Sijakataa. Lakini mnunuzi hana muda wa kumsindikiza."

Nukta ndiye aliyekuwa na mkasi katika bendi ile. Hata jina lake lilitokana na tabia yake ya kusimamisha mazoezi kila mtu akikosea: "Nukta! Turudie." Walikaa jikoni kwa mama yao mchana kutwa, wakakata, wakashona upya. Mapigo saba yakawa manne. Utangulizi ukaondoka. Ukabaki wimbo mmoja mfupi wa mtu aliyechelewa njiani, anayepiga simu nyumbani na kuomba jambo dogo tu: *Niwekee kiti, hata kama ni cha kuvunjika, niwekee kiti karibu na dirisha, nakuja.* Mama, aliyekuwa akishona pindo la sketi ya mtu chumba cha pili, alisimamisha cherehani.

"Hapo," aliita. "Hapo sasa mmeimba kitu."

Alisema kwa wema, lakini Nukta aliuona uso wa mdogo wake ukisinyaa. Miaka yote ya *Ghorofa ya Mwisho*, na sifa ya kwanza kutoka kinywani mwa mama yake anaipata kwa kibwagizo cha dakika chache.

Waliurekodi wenyewe, pale pale karakana, kwa kompyuta ya Nukta. Maikrofoni ilifungwa kwenye mnyororo wa kunyanyulia injini, na mablanketi yalitundikwa juu ya milango ya magari ili isitoe mwangwi. Nyundo alipiga mapigo yake manne akiwa amefumba macho kama anayenyolewa kwa wembe butu. Honi aliimba mara moja tu. Nukta alikuwa tayari kumwambia warudie mstari wa tatu, mahali alipovuta pumzi kwa nguvu, akakumbuka maneno ya daktari, akaufunga mdomo wake.

Wimbo ukapandishwa mtandaoni. Kisha wakangoja.

Siku za kwanza walionunua walikuwa ndugu na majirani, na ndugu wenyewe wengine waliomba watumiwe bure. Shangazi yao mmoja aliuliza kama ukinunua wimbo unapewa na kiti. Shemeji aliupeleka kliniki, daktari wa meno akausikiliza mara moja na kurudisha redio. Nyundo aliupiga karakana mpaka wateja wakauliza kama gari litakuwa tayari lini. Mwenye studio alianza kumpigia Nukta simu, kwa adabu mwanzoni, halafu kwa adabu fupi fupi: kuna watu wengine wanazitaka siku zile, awape au asiwape?

Nukta alifanya kazi kwenye duka la kutoa nakala na kuchapa mabango. Kutwa alisimama kati ya mashine mbili, moja ikila karatasi na nyingine ikizitapika, akisikiliza simu yake isivyolia. Jioni alimkuta Honi sebuleni kwa mama, ameshika gitaa bila kulipiga, anafungua mdomo na kuufunga, anajaribu ile sauti ya juu bila kuitoa. Ulikuwa mchezo wa kutisha kuutazama. Uvimbe ulikuwa unakua, na yeye alikuwa anasikia kwa ndani jinsi nafasi inavyopungua kooni.

"Dada," alimwambia siku moja, "hata kama sitaimba tena maisha, sawa. Nitauza spea, nitafanya chochote. Lakini iwepo mahali. Nisiwe nimeimba hewani tu."

Nukta alimwambia aache kuongea, apumzishe koo. Akaenda bafuni, akafungua bomba maji yatiririke, akalia.

Ni duka la nakala lililoleta matumaini. Mwanamke mmoja aliingia na makaratasi ya bei za bidhaa yanayotaka kukuzwa; alikuwa meneja wa duka kubwa la vyakula na vyombo lenye milango ya kufunguka yenyewe. Nukta alikuwa ameacha wimbo ukiimba kwa chini kutoka kwenye simu, kwa mazoea tu, tumaini lilikuwa limeshamtoka. Meneja alisimama na mkoba wake begani mpaka wimbo ukaisha.

"Wa nani huo?"

"Wetu, bibie. Mimi napiga kinanda. Mwimbaji ni mdogo wangu."

"Mnaweza kuja kuimba dukani kwangu? Mlangoni pale, kila siku mpaka kuamkia sikukuu. Asubuhi mpaka alasiri, mnapumzika mnarudia."

Nukta alifikiria koo la Honi. "Tunaweza kukupa wimbo, mkawa mnaupiga kwenye spika..."

"Za spika ninazo tele, hazimsimamishi mtu. Nataka watu wasimame." Akataja malipo. Pamoja na hayo, alisema, wateja wangeelekezwa pa kuununua wimbo, na bango lao angelichapisha yeye kwa gharama yake. "Mkiweza nijulisheni leo."

Malipo yale yangemfunga mdomo mwenye studio, na chenji ingebaki.

Walikutana karakana jioni ile ile, kabla Nyundo hajafunga. Shemeji alisema wazi kwamba haifai, koo la shemeji yake halitahimili. Nyundo alisema na yeye anaogopa, lakini kama hawafanyi hivi basi wafanye nini, kuna mtu ana wazo? Hakuna aliyekuwa nalo. Kisha wote wawili wakamgeukia Nukta. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyekaa na daktari uso kwa uso.

Alikuwa na la kusema. Lilikuwa limekaa tayari ulimini, neno moja tu. Lakini nyuma ya neno hilo aliiona studio imefungwa, mwaka mpya umeingia, mdogo wake anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu na *Ghorofa ya Mwisho* yote ikiwa ndani ya kifua chake, haijasikiwa na mtu. Alinyamaza. Alinyamaza kwa muda wa kutosha mpaka Honi akajibu mwenyewe.

"Nitaimba taratibu," alisema. "Nitatumia pua zaidi. Msinitazame hivyo, sijafa."

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko walivyotarajia, na hilo ndilo lililowapumbaza. Wakiwa wameomba ruhusa makazini, walisimama kando ya milango ile ya vioo, nyuma ya rundo la makasha ya biskuti. Kila milango ilipofunguka, upepo wa nje uliingia na kelele za mtaa, na kila ilipofungwa sauti ya Honi ikajaa pale mlangoni kama maji kwenye beseni. Watu walisimama kweli. Wanawake wenye vitoroli vilivyojaa waliziba njia. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma alikuja kila siku, hanunui chochote, anasikiliza na kwenda zake. Watu wakawarekodi kwa simu zao, wakatumiana, na wimbo mtandaoni ukaanza kutembea, kisha kukimbia. Shemeji alikuwa akitazama simu yake wakati wa mapumziko anapiga mluzi.

"Daktari wa meno ameomba msamaha," alitangaza. "Anasema sasa wagonjwa wanauomba wenyewe."

Lakini Nukta, aliyesimama karibu zaidi, alisikia ambacho wengine hawakusikia. Mwanzo ilikuwa mchanga kidogo mwishoni mwa mistari. Halafu mchanga ukaingia katikati. Honi alikunywa maji ya moto, alifunga skafu shingoni, na wakati wa mapumziko aliongea kwa ishara. Siku moja Nukta alimkuta nyuma ya duka, penye mlango wa kushushia mizigo, ameinama, mikono magotini, anakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu.

"Tuache leo," alimwambia. "Nitamwambia meneja unaumwa."

Honi akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea ndani. Kisha akamshika dada yake mkono, akaubana, akaenda kuimba.

Siku moja kabla ya kumaliza mkataba duka lilikuwa limefurika. Walianza wimbo kama kawaida, ubeti wa kwanza ukapita. Walipofika kwenye *niwekee kiti*, Honi alifungua mdomo na hakukutoka kitu. Hata mkwaruzo haukutoka. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakamtoka, akamgeukia Nukta kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Na watu, kwa kuwa walishaujua wimbo, wakadhani anawaachia wao. Wakaupokea. Kuanzia wenye vitoroli mpaka walinzi wa mlangoni, wote wakaimba, wakicheka, wakinyanyua watoto juu, *hata kama ni cha kuvunjika, niwekee kiti*. Meneja alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake. Nukta aliendelea kupiga kinanda. Vidole vilikwenda vyenyewe, naye hakujua avisimamishe vipi. Mdogo wake alikuwa amesimama katikati ya sauti zote zile, mkono kooni, akitabasamu kwa watu tabasamu ambalo Nukta hangependa kuliona tena.

Daktari hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alichungulia koo, akakaa, akavua miwani. "Nilisema mara moja," alisema. Damu ilikuwa imevilia kwenye uzi mmoja. Kuanzia dakika ile hata kunong'ona marufuku, mpaka upasuaji, na baada ya upasuaji mpaka yeye mwenyewe aseme. Studio? Akamtazama Nukta kama aliyetukanwa. "Dada, sahau studio."

Studio ilikuwa imeshalipwa. Nukta alimpigia mwenye studio, akajibiwa kwamba aliwafungia wengine mlango kwa ajili yao, kwa hiyo waje wasije, pesa hairudi. Nyundo alipopata habari alikuja moja kwa moja dukani kwa Nukta na ovaroli lake la kazi, mikono ina rangi.

"Wewe ulikuwa kwa daktari, si sisi," alisema, na sauti yake kubwa ikawafanya wateja wageuke. "Wewe ndiye mkubwa. Tulikutazama. Ungesema hapana, nani angebisha? Mimi? Ningebisha mimi?"

"Hapana."

"Basi mbona ulinyamaza?"

Nyundo akamkumbatia pale pale mbele ya mashine zake akamchafua blauzi, akaondoka.

Sikukuu yenyewe ilipita nyumbani kwa mama kama ugeni wa mtu asiyependwa. Ndugu walikuja, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na wimbo ndani yake. "Tuimbie basi, nyota wetu!" Honi anaonyesha koo, wanamhurumia, wanaupiga kwenye simu. Mkewe alikuwa akimwekea chakula na kumfuta jasho asilokuwa nalo. Mwishowe mama alisimama na mwiko mkononi, akasema atakayeupiga tena wimbo ule ndani ya nyumba yake ataondoka na simu imepasuka. Honi akachukua simu yake akaandika kitu, akawapitishia Nukta na Shemeji waliokuwa wamekaa kwenye kochi moja. *Studio twende. Mtapiga ninyi. Mimi nitasimama.*

Hawakumwelewa mpaka walipofika. Studio ilikuwa chumba cha nyuma kwenye jengo la maofisi, kuta zimevishwa zulia. Honi aliingia kwenye kile kijumba cha kioo cha mwimbaji, akavaa visikizi masikioni, akasimama mbele ya maikrofoni iliyozimwa. Walipoanza kupiga alianza kuimba bila sauti. Midomo ilikwenda, kifua kilipanda na kushuka, mikono ilipunga. Kila neno alilitamka mahali pake, ili wao wajue pa kungoja, pa kumpisha, pa kumsukuma. Waliipiga *Ghorofa ya Mwisho* yote namna hiyo, sehemu baada ya sehemu, wakimtazama kupitia kioo. Walipofika kwenye ile sauti ya juu alirudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo na kubaki hivyo, ngoma za Nyundo zikigeuka chini yake na kugeuka tena. Nukta hakuwahi kumsikia Nyundo akipiga vile. Walipomaliza, mwenye studio, yule yule wa adabu fupi, alitoka nje bila kuaga na alirudi baada ya kitambo macho mekundu, akasema sigara za siku hizi ni kali.

Kwa hiyo albamu ilikuwepo, na tundu katikati yake.

Upasuaji ulikwenda salama. Kisha wiki za ukimya, na nyumba nzima ikazoea kuongea polepole kana kwamba ukimya unaambukiza. Katika wiki hizo Nukta alijikuta na tabia ambayo hakumwambia mtu. Wakati wa chakula cha mchana, dukani, alivaa visikizi na kuusikiliza *Niwekee Kiti*. Maana alitafuta kila mahali, kwenye kompyuta, kwenye kanda za mazoezi zilizojaa mikwaruzo, na hakuna pengine ambapo sauti ile ilikuwa imeshikwa nzima nzima. Wimbo walioukata kwa mkasi ili uuzike, uliorekodiwa kati ya milango ya magari, ndio uliobaki na Honi wake. Aliusikiliza mpaka akaijua kila pumzi, na ile ya mstari wa tatu aliyotaka irudiwe ndiyo iliyomchoma zaidi, kwa sababu ilikuwa ya mtu aliye hai karibu na sikio.

Daktari aliporuhusu, neno la kwanza la Honi lilikuwa "Dada." Lilitoka chini, nene, na pumzi nyingi pembeni, kama mlango unaoburuzwa juu ya saruji. Walitazamana. Honi akalirudia, akalisikiliza, akainua nyusi.

"Huyu ni nani?" aliuliza kwa sauti hiyo hiyo, na wote wawili wakaangua kicheko ambacho katikati yake kiligeuka kitu kingine.

Mazoezi ya koo yaliendelea miezi. Sauti ya juu haikurudi. Mwenye studio alipendekeza watafute kijana mwenye koo jipya, Nyundo akamwuliza kama anataka kunyooshwa bodi. Kuipiga upya kazi yote kwa sauti ya chini hakukuwezekana, wimbo wa sikukuu ulikuwa umekwisha msimu wake na hapakuwa na wa kuwalipia tena. Basi Honi, kwa hisani ya mwenye studio, akaingia kwenye kijumba kile mara ya pili, safari hii maikrofoni imewashwa, kuimba kwa sauti mpya juu ya muziki ulioshonwa kwa ile ya zamani. Sehemu nyingi aliziimba chini kabisa, karibu na kusema. Wapangaji wa jengo lile, waliokuwa wakilalamika kwa sauti ya juu na kali, sasa walilalamika kama watu waliochoka kupanda ngazi.

Kwenye ile sehemu ya mwisho alijaribu kupanda. Sauti ilifika nusu ikapasuka. Akajaribu tena, ikapasuka mapema zaidi. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Alipojaribu mara nyingine ilipanda kidogo, ikavunjika vipande viwili, na Honi hakuiacha, aliendelea kuikokota ikiwa imevunjika hivyo hivyo mpaka ngoma zilipokwisha.

"Turudie?" mwenye studio aliuliza kwenye kipaza sauti.

Honi alivua visikizi. Uso wake ulikuwa umelowa. "Siwezi zaidi ya hapo," alisema. "Iacheni."

Nukta alirudi kwa mama jua likiwa bado halijazama. Mama alikuwa anakunja nguo za wateja juu ya meza, mikono ikienda yenyewe.

"Ameimba?"

"Ameimba, mama."

"Kama zamani?"

Nukta alivuta upande wa pili wa shuka ili waikunje pamoja. "Hapana," alisema. "Wala si karibu."

Mama alikunja, akapiga pasi kwa kiganja, akalaza shuka juu ya nyingine.

"Mwambie kesho aje aniimbie," alisema. "Hiyo ndefu. Nitakaa mpaka mwisho, na makofi sitapiga mpaka mniambie."